Kuipa Kisogo Dunia Inayotazama

Miongoni mwa mambo ambayo Ubudha uliifundisha Korea tangu ulipoingia katika rasi hiyo mnamo karne ya 4, ni machache yaliyoheshimiwa na wakati huohuo kutiliwa shaka kama tendo la kuondoka nyumbani, yaani kuacha ukoo, mali na jina ili kutafuta ukombozi. Wafuasi wa maadili ya Confucius, ambayo yalishika hatamu za nchi chini ya ufalme wa Joseon kuanzia 1392, walimwona mtawa kuwa mtu aliyewakimbia wazazi wake na wajibu wake. Wabudha nao walijiuliza, kwa ukali uliowazidi hata wapinzani wao, iwapo mtu aliyeacha vitu ameacha pia kupenda kuonekana kuwa ameviacha. Swali hilo la pili limepata uzito mpya katika zama za televisheni. Je, mtu ambaye riziki yake yote imetokana na kutazamwa anaweza kweli kuipa dunia kisogo, ilhali kisogo chenyewe kinapigwa picha? Maisha ya Lee Hyori, mwimbaji na mwongozaji wa vipindi vya televisheni wa Korea Kusini, yanaliweka swali hilo wazi kuliko hoja yoyote ya kinadharia, na yanaonyesha kwamba hukumu iliyozoeleka, ile inayopima kuacha kwa usafi wa nia ya anayeacha, ni hukumu dhaifu.

Lee Hyori alizaliwa mwaka 1979 na alianza kujulikana Mei 1998 akiwa mmoja wa wasichana wanne wa kundi la Fin.K.L, miezi michache tu baada ya nchi yake kulazimika kuomba mkopo wa dharura kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 2003 alitoa albamu ya kwanza ya peke yake, na wimbo wake "10 Minutes" ukamfanya kuwa mmoja wa nyuso zilizosakwa mno na wafanyabiashara, kiasi kwamba Samsung ilijenga mfululizo wa matangazo ya simu zake za Anycall juu ya sura na sauti yake. Hata hivyo, kwa anayechunguza asili ya umaarufu, upande wenye mafunzo mengi zaidi ni ule wa televisheni. Katika "Happy Together" ya KBS, aliyoiongoza pamoja na Shin Dong-yup mwanzoni mwa miaka ya 2000, wageni walikaa wakiimba wimbo mmoja kwa kupokezana, na neno moja likikosewa, masinia ya bati yaliporomoka kutoka juu na kuwaangukia vichwani. Katika "Family Outing" ya SBS, iliyorushwa kuanzia 2008 hadi 2010, yeye na wenzake waliingia katika nyumba ya wazee wa kijijini, wakawapeleka wenyeji matembezini, kisha wakabaki kufukuza kuku, kuchimba mboga na kupika. Kwa kazi hiyo aligawana na mwenzake wa kipindi, Yoo Jae-suk, tuzo kuu ya burudani ya kituo hicho mwaka 2009.

Tofauti ya kazi hizi mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Umaarufu wa mwimbaji hutegemea umbali: jukwaa, taa na vazi humtenga na wanaomtazama, na akishuka jukwaani hubaki na mahali pa kwenda. Umaarufu wa mwongozaji wa kipindi hutegemea kuuondoa umbali huo, kwani mtazamaji huahidiwa kwamba anamwona mtu mwenyewe, bila pambo. Lee Hyori alipoonekana akiamka asubuhi na uso uliovimba kwa usingizi, nywele timtim, watazamaji walimpenda zaidi, na kwa namna hiyo hata kile ambacho watu wengi hukiweka nje ya soko kilikwisha kuingizwa sokoni. Anayetaka kuondoka baada ya hapo haondoki jukwaani tu. Anatafuta sehemu ya maisha yake ambayo haijauzwa bado.

Mabadiliko yake yalianza katika aibu. Albamu yake ya nne, "H-Logic", ilitoka Aprili 2010, na miezi miwili baadaye aliwaambia mashabiki kwamba nyimbo kadhaa alizopewa na mtunzi mmoja zilikuwa zimenakiliwa kutoka kwa wasanii wa nje. Alisitisha kuitangaza albamu hiyo, na mtunzi huyo baadaye alihukumiwa kifungo. Katika kipindi hicho alianza kujitolea katika makao ya wanyama waliotupwa, akamchukua mbwa aliyeitwa Soonsim, akaacha kula nyama, jambo lililoleta manung'uniko kwa sababu muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa sura ya matangazo ya nyama ya ng'ombe wa kienyeji, kisha akaacha kabisa kufanya matangazo ya biashara. Tarehe 1 Septemba 2013 aliolewa na mpiga gitaa Lee Sang-soon katika kisiwa cha Jeju, kusini mwa nchi, na huko wakaweka makazi.

Jeju, hata hivyo, haikuwa nje ya dunia. Mwaka 2014 aliuza sokoni maharage ya shamba lake, akiwa ameandika kwa mkono kwenye kibao kwamba ni ya kilimo hai; kwa kuwa sheria ya Korea hairuhusu mkulima kudai hivyo bila cheti, wakala wa serikali wa kukagua mazao ulilifuatilia suala hilo, na mwimbaji akaomba radhi. Ni jambo dogo, lakini linafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu maelfu ya wakulima huandika vibao vya namna hiyo na hakuna anayewaona. Mwaka 2017 na 2018 kituo cha JTBC kilirusha misimu miwili ya kipindi ambacho yeye na mumewe waliwapokea wageni wa kawaida, waliolala nyumbani kwao bila malipo, huku mwimbaji maarufu IU akiwa mfanyakazi wao katika msimu wa kwanza. Kipindi kilisifiwa kwa utulivu wake, na utulivu huo ukawaleta watalii hadi langoni, wengine wakigonga kengele, mpaka JTBC yenyewe ikainunua nyumba hiyo na wenyewe wakahama.

Katika mahojiano ya habari ya Juni 2017, mtangazaji Sohn Suk-hee alimkumbusha kauli yake kwamba alitaka kuishi kimya bila kusahaulika, akamwambia kwamba jambo hilo haliwezekani. Naye akajibu kwamba mtu hazuiwi kutamani lisilowezekana. Wapo waliolipokea jibu hilo kama mzaha, lakini linastahili kuchukuliwa kwa uzito wote. Ubudha hufundisha kwamba mateso hutokana na kiu, yaani tamaa inayoshikilia kitu kisichoweza kudumu, na hatua ya kwanza ya uponyaji ni kuitambua kiu hiyo pasipo kuipaka rangi. Anayetangaza kwamba hataki tena kujulikana mara nyingi hujidanganya. Anayekiri hadharani kwamba anataka mambo mawili yanayopingana ameusogelea ukweli zaidi.

Wenye shaka watasema kwamba kuacha kunakorushwa hewani ni bidhaa nyingine tu, na kwamba mtu aliyeacha kweli hujificha. Hoja hiyo ina nguvu, lakini historia ya karibuni ya Korea inaijibu vibaya. Mtawa Beopjeong, aliyezaliwa 1932, aliishi miaka mingi peke yake katika vibanda vya milimani, na mwaka 1976 alichapisha kitabu cha insha, "Musoyu", kuhusu kutomiliki, ambacho kilisomwa na vizazi viwili. Alipokaribia kufa mwaka 2010 aliagiza vitabu vyake visichapwe tena. Matokeo yake ni kwamba watu walikimbilia madukani kuvinunua kabla havijaisha, na nakala kuukuu za kitabu kilichofundisha kutomiliki zikapanda bei. Hapakuwa na kamera katika kibanda cha Beopjeong, wala hakuna anayeweza kuutilia shaka moyo wake, na bado soko lilikigeuza kimya chake kuwa mali. Ikiwa hata mtawa wa namna hiyo hakuweza kuzuia kutazamwa kwake kusigeuke biashara, basi kutazamwa hakuwezi kuwa ndicho kigezo cha kumpima mwimbaji.

Shaka hiyo ina dosari nyingine iliyo ya ndani zaidi. Inadhania kwamba nyuma ya mtu anayeonekana kuna mtu halisi aliyefichika, na kwamba kazi ya mwamuzi ni kumfichua. Fundisho la Ubudha kuhusu kutokuwepo kwa nafsi ya kudumu linakataa dhana hiyo: kile kinachoitwa mtu ni mkusanyiko wa hisia, mazoea na matendo unaobadilika bila kukoma, na mtu huwa kile anachokitenda mara kwa mara. Lee Hyori alisimulia katika kipindi chake cha Jeju jinsi alivyomkuta mumewe akipiga msasa upande wa chini wa kiti alichokuwa akikitengeneza, akamwuliza kwa nini ahangaike na sehemu isiyoonekana na yeyote, naye akajibu kwamba yeye mwenyewe anaijua. Upande huo wa chini wa kiti ulikuja kujulikana na mamilioni ya watu kwa sababu ulisimuliwa mbele ya kamera, lakini mbao zilikuwa zimekwisha kulainishwa, na kujulikana huko hakukuzikwaruza tena. Mtu anayefanya mazoezi ya yoga alfajiri kwa miaka na kuwatembeza mbwa wake kila siku hufinyangwa na mambo hayo, awe anatazamwa au hatazamwi.

Kipimo kinachofaa kinapatikana kwa Wonhyo, mwanafalsafa mkubwa wa Ubudha wa Korea, aliyeishi kuanzia 617 hadi 686. "Samguk Yusa", kitabu cha masimulizi ya kale kilichokusanywa na mtawa Iryeon katika karne ya 13, kinasimulia kwamba Wonhyo alivunja nadhiri kwa kuzaa mtoto na binti wa mfalme, akavua joho la utawa, kisha akachukua kibuyu cha mchezaji wa maigizo, akakipa jina lenye maana ya kutozuiliwa na chochote, na kuzunguka nacho vijijini akiimba na kucheza mpaka maskini na wasiojua kusoma wakalijua jina la Buddha. Mwanazuoni aliyeandika fafanuzi zilizosomwa hadi China na Japani alikubali kuwa mtumbuizaji. Fikra hiyohiyo imo katika mfululizo wa picha kumi za mtu anayemtafuta ng'ombe wake, ambao asili yake ni China na ambao umechorwa kwenye kuta za mahekalu mengi ya Korea kueleza safari ya akili: picha ya nane ni duara tupu, na wengi wangetarajia safari iishie hapo, lakini katika ya kumi mtu anarudi sokoni kati ya watu, mikono yake ikiwa na cha kutoa. Kwa mapokeo haya, thamani ya kuondoka huonekana katika namna ya kurudi, na swali linahama kutoka kwa anayeacha na kwenda kwa wale anaowakuta.

Kwa kipimo hicho, tendo zito zaidi katika maisha ya Lee Hyori huenda likawa bahasha. Wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha Ssangyong huko Pyeongtaek, waliogoma kwa siku 77 mwaka 2009 kupinga kufukuzwa kazi, walihukumiwa mwishoni mwa 2013 kulipa fidia ya won bilioni 4.7. Msomaji mmoja wa jarida alituma won 47,000, akihesabu kwamba watu 100,000 wakifanya vivyo hivyo deni lingeisha, na kukazuka kampeni iliyoitwa ya bahasha ya njano, kwa kukumbuka bahasha za mishahara ya zamani. Mnamo Februari 2014 Lee Hyori alituma won 47,000 pamoja na barua ya mkono wake, na michango ikaongezeka kwa kasi. Angeweza kutoa mara elfu ya kiasi hicho na kusifiwa kwa ukarimu. Alitoa sawa na wengine, akiuacha ukubwa wa mali yake na kulitumia jina lake. Hapo kujinyima na umaarufu havikugombana, na walionufaika walikuwa watu wenye deni wasiloweza kulilipa.

Ni haki pia kusema kwamba uhuru wa kukataa matangazo ulinunuliwa kwa fedha za matangazo, na kwamba mwimbaji asiyejulikana, anayedaiwa kodi ya chumba jijini Seoul, hawezi kuiga mfano huu. Mapokeo yenyewe hayafichi ukweli huo, kwa kuwa Siddhartha, aliyekuja kuwa Buddha, alikuwa mwana wa mtawala kabla ya kuondoka. Lakini ukweli huo unaongeza deni la mwenye uwezo wa kukataa. Ndiyo maana kejeli zilizomwandama mwaka 2023, alipotangaza kwamba yuko tayari kufanya matangazo tena na makampuni yakamiminika kumtafuta, hazikulenga penyewe. Hakuwa mtawa wala hakuwa amekula kiapo, na mwaka uliofuata aliporejea Seoul hakuna aliyeibiwa kitu. Linalostahili kuulizwa, kwa kila tangazo peke yake, ni bidhaa hiyo inamfanyia nini mnunuzi, mnyama na aliyeitengeneza, na jina lililowahi kutiwa ndani ya bahasha ya won 47,000 linatumika kwa manufaa ya nani.