Elimu Mikononi mwa Fundi

Wahenga walisema kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hii twaifundisha shuleni, na wanafunzi huiandika vizuri katika insha zao. Lakini kijana yule yule aliyeiandika akionekana uvunguni mwa gari, mikono imejaa grisi, twasema kwa masikitiko kuwa masomo yake yamepotea bure. Je, ni kweli yamepotea?

Tuitazame barabara itokayo Mbeya, ikapita Tukuyu na kuteremka hadi Kyela. Kutoka Tukuyu, mji ulio karibu na Mlima Rungwe, hadi nyanda za Ziwa Nyasa, gari hushuka kimo cha takriban mita 1,000. Nishati ya lori la tani 10 literemkalo kimo hicho haipotei, bali hugeuka joto. Dereva asipotumia gia ndogo ili injini imsaidie kulizuia gari, sehemu kubwa ya joto hilo huishia katika breki. Hiyo ni fizikia.

Mafuta ya breki nayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na Rungwe ni nchi ya mvua nyingi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya kufika nyuzi 205 za Selsiasi; yakishanyonya maji karibu asilimia 4, huweza kuchemka kwa nyuzi 140. Hiyo ni kemia. Yakichemka, mvuke hujaa bombani. Na mvuke hubanika, hali mafuta hayabaniki. Dereva hukanyaga pedeli, nayo ikazama bila ya kulizuia gurudumu.

Sasa tuwafikiri mafundi wawili. Wa kwanza alifaulu mitihani ya sayansi, lakini aona haya kulala uvunguni. Hivyo hutia sahihi kazi asiyoikagua. Wa pili ana mikono hodari, amejifunza kwa kutazama, ila hakuna aliyemweleza kwa nini mafuta hayo hubadilishwa. Akiyaona yamejaa chupani, huliruhusu gari liende. Makosa yao hayafanani, lakini kwa abiria aliye mteremkoni matokeo ni mamoja.

Nani mwenye lawama zaidi? Twaona ni wa kwanza, kwa kuwa alijua. Ama lawama ya wa pili, sehemu yake ni yetu sisi tuliosoma, tukaidhani elimu yetu haina kazi gereji. Mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alikosoa elimu iliyowatenga vijana na jamii yao na kuwafanya waamini kuwa maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni. Onyo hilo bado latuhusu. Fundi asiyesoma ana maarifa ya sikio na ya kidole ambayo kitabu hakiyatoi. Nasi tunayo sababu ambayo yeye hakupewa. Kila mmoja anadaiwa na mwenzake.

Basi, ndugu mwalimu, ufundishapo kanuni za vimiminiko, usiishie ubaoni. Wapeleke wanafunzi gereji, wasalimie kwa adabu, wamwulize fundi anavyofanya, nao wamweleze wanavyojua. Kisha wakumbuke kwamba jioni ile gari hilo litateremka kwenda Kyela, na ndani yake wamo watu.