Mstari wa Saa Tisa Usiku

Mjukuu wangu, nimesikia wiki ijayo unaanza zamu ya usiku kwenye chumba cha boila. Hongera. Sasa kaa nikwambie, maana nami nililinda boila ya kiwanda cha nguo miaka mingi, na usiku mmoja nusura niiharibu.

Mwenzangu wa kunipokea hakufika. Nikaombwa niunganishe zamu, nikakubali; ovataimu ni tamu. Kazi yenyewe ni kusoma geji ya presha na kioo cha maji kila nusu saa, kisha kujaza daftari. Asubuhi msimamizi akanifunulia ukurasa: kuanzia saa nane hadi saa kumi usiku, mistari mitano, tarakimu zilezile, na pembeni nimeandika "maji nusu kioo". Akaweka kando yake daftari la fundi wa zamu. Saa tisa fundi alikuta pampu ya maji imejizima, kioo kinakaribia kukauka, akaiwasha.

Wallahi sikulala. Macho yalikuwa wazi na mkono ulikuwa unaandika. Na ungeniuliza saa ile kama nimechoka, ningekujibu niko fiti.

Uchovu wa akili hauumi kama mgongo, ndiyo maana mwenye nao ndiye wa mwisho kujua. Waliouchunguza walitafuta vipimo vya nje. Mwaka 1948 Mwingereza Norman Mackworth alieleza jinsi alivyowakalisha watu mbele ya mshale unaozunguka kama wa saa, ambao mara chache huruka hatua mbili badala ya moja. Nusu saa tu, wakaanza kuukosa. David Dinges, Mmarekani, alitumia kipimo chepesi zaidi: alama inatokea, unabonyeza, kwa dakika 10, ukichelewa zaidi ya nusu sekunde, imehesabiwa kwamba hukuwepo. Na mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekesha saa 17 utendaji wake unashuka kama wa mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Sisi mlevi tunamzuia getini. Aliyeunganisha zamu tunampa mkono.

Huko uendako huenda hakuna kipimo cha namna hiyo. Daftari lako linatosha. Boila inayopeleka mvuke hupanda na kushuka, kwa hiyo mstari wa tatu ukifanana na wa pili, usiendelee kuandika. Toka nje unawe uso, kisha mwite mwenzako asome kioo mbele yako. Chai ya rangi itakusukuma kidogo, hailipi usingizi. Mchana funga pazia ulale, wageni watarudi kesho.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Wakikuomba uunganishe, waambie babu amekataa.