Mbwa Aliyekatwa Panga: Je, Kisichouzwa Kina Haki?

Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja ambaye asili yake ni mtu wa pwani, naye ana miaka mingi akikaa Bara, pande za Nakuru. Asema kuwa usiku mmoja wezi waliingia kwake kutaka ng'ombe. Mbwa wake akawabwekea na kuwazuia, nao wakamkata panga la mgongo na jingine la mguu wa mbele, kisha wakakimbia bila ya kupata kitu. Kulipokucha mbwa alionekana amelala mferejini, angali hai. Watoto wakataka kumfunga majeraha. Ami yao aliyekuja kuwazuru kutoka Mombasa akawakataza, akasema: "Msijitie najisi. Mwacheni afe, ndiyo rehema yake." Pakawa na maneno nyumbani, na mpaka barua ilipoandikwa maneno hayo yalikuwa hayajesha. Ndugu yetu auliza: haki iko kwa mzee, au iko kwa watoto?

Wasomaji wetu wa Mji wa Kale na wa Lamu huenda wakaliona suala hili ni la kuchekesha. Kwetu nyumba zimeshikana kuta, mlango watazamana na mlango, na jirani akikohoa wamsikia. Mbwa ni mnyama wa majaani asiyekuwa na mwenyewe. Bara sivyo. Ijapokuwa Nakuru ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2021, mtu akitoka kidogo kwenda Bahati, Njoro au Molo hukuta nyumba moja moja katikati ya mashamba, na kando ya nyumba zizi la ng'ombe au la kondoo, na usiku wa huko ni wa giza na baridi. Mbwa hawekwi kwa pambo. Naye Mtume wetu (s.a.w.) alipotaja kupunguka kwa thawabu za mwenye kufuga mbwa, aliwatoa katika onyo hilo mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Imam Nawawi, katika sharhe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu pia mbwa wa kulinda nyumba, kwa kuwa sababu ni moja, nayo ni haja. Basi mbwa huyu hakuwekwa kinyume cha sharia, na hilo tuliondoe njiani kwanza.

Sasa tuje kwenye neno la ami: najisi. Sisi Mashafii ndio wakali kuliko wote katika mas-ala haya. Kwetu mbwa mzima, mate yake na manyoya yake, ni najisi nzito. Imam Malik ameona kuwa mbwa aliye hai ni tohara, na kwamba kuosha chombo alichokiramba ni ibada tuliyoamrishwa tu. Huko huko Bonde la Ufa, Eldama Ravine, wako Wanubi ambao wazee wao walitoka Sudan, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Wamaliki. Lakini hatusemi haya ili mtu atafute madhehebu iliyo nyepesi. Hatuna haja nayo. Tubaki papo hapo kwetu, penye ugumu, tutazame kama ugumu huo wasema alivyosema ami.

Najisi maana yake ni nini? Ni hukumu iliyowekwa juu yetu sisi wenye kusali: kwamba kitu hiki kikiwa na unyevu kikatugusa, hatusali mpaka tuoshe. Si hukumu ya adhabu juu ya mnyama, wala si tangazo kwamba roho yake haina kitu. Mbwa hakufanya kosa lolote hata akawa najisi. Na kushika najisi kwa haja hakukuwa haramu hata siku moja. Kila mwenye kustanji hushika najisi, na kila mama humsafisha mwanawe. Hapana aliyesema kuwa mama amwache mtoto na uchafu wake ili mikono yake isalimike. Ukimshika mbwa nawe mkavu naye mkavu, hukunajisika. Ukishika damu yake au mate yake, utaosha mara saba, moja kwa mchanga, kisha utasali. Huo ndio mwisho wa tatizo: maji, na gao la mchanga. Mwenye kumwacha kiumbe afe ili aepuke kuosha mara saba asiseme kuwa ameilinda dini, kwani alichokilinda ni raha yake.

Lakini liko jambo kubwa zaidi ya hilo, na ajabu ni kwamba limo katika vitabu vile vile tunavyosomeshwa madarasani, tukalipita kama hatukuliona. Katika mlango wa tayamamu, mafakihi wetu wametaja sababu za kuyaacha maji mtu akatayamamu. Moja katika hizo ni kuwa maji yahitajiwa na kiumbe chenye hishima mwenye kiu. Wakaeleza ni nani mwenye hishima na nani asiyekuwa nayo. Mbwa mkali mwenye kudhuru watu wakamtoa. Mbwa mwenye manufaa hawakumtoa. Maana yake, ewe msomaji, ni kwamba ukiwa safarini nawe una maji kidogo, na mbwa wako wa mifugo ana kiu, maji yale hutawadhii: utampa mbwa, nawe utapiga mchanga usali. Madhehebu ile ile inayokuamrisha uoshe mara saba alipokugusa, ndiyo inayokuamrisha uache udhu wako kwa ajili ya koo lake. Wanazuoni hawakuona kuwa maneno mawili haya yapingana. Sisi ndio tuliyoyapinganisha, kwa kushika moja na kuliacha jingine.

Hapa huja suala ambalo kwetu ndilo lenye uzito hasa. Kwa Mashafii mbwa hauziki. Hana thamani kisharia, na mwenye kumuua halipi bei yake. Je, kitu kisichokuwa na bei kina haki? Watu wengi wa zama hizi, bila ya kujua, hujibu kuwa hakina. Ng'ombe akivunjika mguu daktari huitwa mbio, kwa kuwa ng'ombe ni fedha. Mbwa akikatwa, hutazamwa. Huo ni ufahamu wa soko, wala si ufahamu wa sharia. Bei ni jambo lililo baina ya watu wawili wenye kuuziana. Haki ya mnyama ni jambo lililo baina ya mtu na Mola wake. Izzuddin bin Abdissalam, Mshafii mkubwa aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, alipohesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu alitaja kwanza kuwalisha kwa kadiri yao, hata wakiwa wazee au wagonjwa na pasibakie tena faida kwao. Tazama alivyokata mzizi wa hoja ya manufaa. Kama haki ingekuwa ni malipo ya kazi, ingekoma siku kazi ilipokoma.

Na katika mbwa mafakihi wamesema: mwenye naye ima amlishe, ima ampe mwingine mwenye kumhitaji, ima amwachilie, kumfungia afe njaa hakujuzu. Basi tufikiri. Kumwachilia kulijuzu kwa sababu mbwa mzima atakwenda ajitafutie. Aliyekatwa mguu, ukimwachilia, aende wapi? Mlango huo umefungika, na iliyobakia ni kumtunza. Najua kuwa wanazuoni wa kale kwa wingi wao hawakuitia dawa katika nafaka, hata ya mke. Na nadhani ni kwa kuwa tiba ya zama zao ilikuwa ya kubahatisha. Leo jeraha likishonwa na likapata dawa ya kuzuia usaha, kupona kwake si bahati. Kwangu mimi, kulishona ni katika kumlisha.

Hadithi za mlango huu watoto wetu wazijua: mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa khofu yake kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa, na Masahaba walipouliza kama wana ujira katika wanyama, Mtume (s.a.w.) akawajibu kuwa kila chenye ini bichi, yaani kila chenye uhai, kina ujira. Ile ya mwanamke mwovu wa Bani Israili ni mfano wake. Iko nyingine isiyotajwa sana, na ni khabari ya sira aliyoipokea Waqidi, si hadithi ya kuwekea hukumu. Jeshi likenda kuifungua Makka, mwaka wa nane wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alimwona mbwa jike njiani na watoto wake wakinyonya. Akamwamrisha Juail bin Suraqa asimame mbele yake, ili pasiwe na askari wa kumsumbua mpaka jeshi lote lipite.

Nasi kwetu pwani, vijana wetu humpiga mbwa mawe mpaka alie, na wazee wamekaa barazani wakitazama, na wako wenye kudhani kuwa ni sehemu ya dini. Ni ada tu, wala haina asili katika dini. Mbona punda hatusemi hivyo? Nyama ya punda wa mjini ni haramu, wala hakuna anayemla. Lakini tangu mwaka 1987 Lamu kuna mahali pa kuwatibu punda bure, na watu wema wa Lamu huwapeleka, wala hapana aliyesema kuwa ni aibu. Tofauti si uhai wala uchungu. Ni mazoea.

Sasa la kufanya, kwani ndugu yetu ameuliza hilo pia. Mbwa mwenye uchungu humuuma hata bwana wake, bila ya uadui. Kwa hivyo afungwe mdomo kwanza kwa kitambaa laini, pasipo kumzuia pumzi, na asifungwe akiwa anatapika. Mwenye kumshika avae glavu. Damu ikitoka kwa nguvu, igandamizwe kwa kitambaa safi. Jeraha lioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Lisitiwe majivu wala mafuta ya gari, kama wafanyavyo baadhi ya watu. Asipewe dawa zetu za maumivu. Ibuprofeni humdhuru mbwa, na parasetamoli si ya kumpa kwa kukisia. Kisha aitwe daktari wa mifugo siku ile ile. Nakuru hawakosi msaada: Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro, kina kitivo cha utabibu wa wanyama. Alazwe pahali pakavu penye joto, maana usiku wa Bara ni adui wa mgonjwa.

Mwili utapona kabla ya moyo. Mbwa aliyekatwa na watu huogopa watu: akiona fimbo hujificha, akisikia hatua usiku hutetemeka au hukurupuka kuuma. Asiburutwe kutoka mafichoni, wala asikemewe. Amlishe mtu mmoja, saa zile zile, amwekee chakula na kuketi mbali kidogo, kila siku akisogea hatua, mpaka mnyama aje mwenyewe. Huenda ikachukua miezi. Wala asirudishwe ulinzini upesi kwa kuwa ameanza kusimama. Na kwa hali yoyote apigwe sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa kila mwaka. Serikali ya Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuuondoa ugonjwa huo ifikapo 2030, nao hautatimia ikiwa mbwa wa Waislamu ndio wanaosahauliwa. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni muda wa robo saa, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishatokea, kupona ni nadra mno.

Gharama je, na maskini wako mlangoni? Suala hili ni la haki, na tungependa kulisikia pia siku ya harusi. Mwenye watoto wasiokula asikope fedha kumtibu mbwa. Wanawe ni mbele, na afanye awezalo kwa maji na chumvi. Lakini mwenye nacho asijifiche nyuma ya maskini ambaye hakuwa na nia ya kumpa.

Na neno la mzee kwamba kufa ndiyo rehema? Kumwacha mferejini siku tatu akiliwa na nzi si rehema kwa lugha yoyote. Ikiwa daktari amesema hapana tamaa ya kupona, madhehebu yetu haijuzishi kumuua mnyama asiyeliwa hata kwa kumpumzisha, Mahanafi wamejuzisha. Mimi sioni ubaya mtu kuwafuata katika hali hiyo, kwa mkono wa daktari, wala si kwa rungu.

Ama aliyekata, bei halipi, kama tulivyosema, lakini hakuokoka. Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kumkata mnyama viungo vyake naye hai, na kadhi ana haki ya kumtia adabu. Sheria ya Kenya, Sura ya 360, nayo yahesabu ukatili kwa wanyama kuwa ni kosa la jinai, mbali na wizi wenyewe. Akijulikana apelekwe polisi. Twasikia kuwa vijana wa mtaani wamekwisha kuapa kuwa wakimpata watamtia tairi na kumchoma moto. Ndugu yetu awazuie, na akiwa ni lazima alale mlangoni kwa ajili hiyo, alale.