MTOTO ALIYERUDISHWA MLANGONI

Bismillahi Rahmani Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (s.w.t.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ndugu Waislamu, ninawausia, pamoja na nafsi yangu, kumcha Mungu.

Kisa cha Abdallah bin Ummi Maktum mnakijua. Alikuwa kipofu. Siku moja huko Makka alimwendea Mtume (s.a.w.) akitaka kufundishwa. Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitumaini watasilimu. Akakunja uso, akageuka. Hapo ikashuka Sura Abasa kumwonya: aliyekuja mbio kutafuta elimu ndiye mwenye haki ya kusikilizwa kabla ya yule anayejiona hana haja.

Ndugu zangu, ikiwa kipenzi cha Mungu alionywa kwa kukunja uso tu, tena mbele ya mtu asiyeuona uso huo, sisi tunaomrudisha mtoto nyumbani mbele ya wenzake kwa kukosa franka tutajibu nini?

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, imeweka kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni lazima na ni bila malipo. Neno hilo lilikaa kwenye karatasi miaka 13. Wazazi waliendelea kulipa prime ya walimu, na asiyelipa mtoto wake alifukuzwa. Ilipofika Septemba 2019 serikali ikaanza kulitekeleza, madarasa yakajaa. Lakini walimu wengi hawakuwa kwenye orodha ya mishahara, na njaa ya mwalimu haiondolewi na tangazo. Basi mahali pengi mchango ukarudi kwa jina lingine. Na shule ya sekondari bado inadai minervali, ambayo mkulima wa Masisi aliyekimbia shamba lake hana.

Juu ya hayo ikaja vita. Januari 2025 mapigano yalifika Masisi-Centre, na Machi yakafika Walikale-Centre. Familia zimelala madarasani, na madawati yamekuwa kuni. Na pale shule inapofungwa, chimbo liko wazi. Rubaya, hapa Masisi, inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima. Kule Walikale, kwa miaka mingi watu walibeba kasiterite ya Bisie mgongoni, wakipita msituni hadi Njingala. Madini yetu yamo katika simu za walimwengu, na mtoto anayeyaosha mtoni hawezi kusoma jina lake. Hiyo ni dhuluma.

Wengine watauliza: mwalimu naye ale nini? Swali ni la haki. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, mateka wasio na mali lakini wanaojua kuandika walikombolewa kwa kufundisha, kila mmoja watoto 10 wa Madina. Mtume (s.a.w.) alihesabu kazi ya kufundisha kuwa sawa na fidia ya mtu mzima. Kwa hiyo mshahara wa mwalimu ni deni: kwanza la mwenye utawala, kisha letu sote tulio na uwezo. Lakini deni hilo halidaiwi kwa mtoto masikini, kwa kumsimamisha nje ya mlango.

Ndugu Waislamu, tuanze na yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, nyumbani. Fedha zikipungua, tusimwachishe msichana masomo ili kaka yake aendelee. Haki yao mbele ya Mungu ni moja.

Pili, madrasa zetu. Asifukuzwe mtoto kwa ada. Wenye maduka na mifugo watoe sadaka, na mwalimu alipwe humo.

Tatu, wanunuzi wa madini. Ukinunua mzigo uliochimbwa na mtoto wakati wenzake wako darasani, umenunua pia masomo yake. Jiulize utamlipaje siku ya hesabu.

Nne, kamati za wazazi. Tuhudhurie, tuulize kila mchango umekwenda wapi, tumtetee asiye na msemaji.

Tano, mtoto ni mtoto. Awe Mhunde, Mnyanga, Mhutu, Mtutsi, Mtembo au Mkano, awe Mwislamu au Mkristo, awe mwenyeji au mkimbizi wa vita, nafasi yake kwenye dawati ni ile ile. Waliofundisha watoto wa Madina hawakuwa hata Waislamu.

Leo tukitoka msikitini, kila mmoja amtafute mtoto mmoja wa jirani asiyesoma, aulize kwa nini. Huo ndio mwanzo.

Ee Mola, uwarudishie watoto wetu amani na shule zao, uwape walimu subira na riziki ya halali, na utuepushe na uso unaokunjwa mbele ya masikini. Amin.

Wabillahi tawfiq.