Nyota Moja, Siku 30

Kwenye seva ya Linux, kufuta logi kuukuu ni kazi ya mstari mmoja:

find /var/log/malipo -name "*.log" -mtime +30 -delete

Ile nyota inamaanisha jina lolote, bora liishie .log. Ile 30 inahesabu siku tangu faili iandikwe mara ya mwisho. Ukibonyeza Enter huulizwi kama una uhakika, na hakuna pipa la taka la kuchakura baadaye. Ndiyo maana sisi wa kazi hii huanza na amri hiyohiyo bila -delete, tuone orodha. Ukiridhika, basi, zinaenda.

Lakini hiyo orodha ni ya majina tu. Hakuna anayefungua faili. Na hapo ndipo swali hunikaba: ni haki kweli kuamua hatima ya kitu kwa jina na umri wake pekee?

Kuna siku nasema ndiyo, tena bila kusita. Logi ni udaku mtupu, bana. Inajua nani aliingia saa nane usiku, kwa simu gani, akatoa pesa ngapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka habari za mtu zisikae muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kuzifuta bila kuzisoma ni heshima, kama kuchoma barua za watu bila kuzifungua.

Sasa chukua mtu wa boda aliyekatwa rejesho la mkopo mara mbili. Wiki ya kwanza anapiga simu, anaambiwa asubiri. Anapiga tena: "Tunashughulikia." Siku ya 40 ndiyo anapata wa kumsikiliza, na ushahidi ushaenda. Aliyeandika ile amri hakuwa na kinyongo naye, hata hamjui.

Utaniambia 30 ni sera. Sawa, lakini ilitoka wapi? Mara nyingi ilitoka kwa ukubwa wa diski, si kwa muda ambao mnyonge hungoja asikilizwe. Mimi sioni ubaya kwa kufuta. Ubaya nauona hapo. Faili yenye lalamiko ambalo halijaisha iachwe, hata diski ikilia. Na amri yenyewe haikatai: unaongeza -not -name na jina la faili ya siku ile, inarukwa. Ila lazima mtu wa kupokea simu za wateja aongee na mtu wa seva, na kwa ofisi nyingi hao wawili hukutana kwenye lifti tu.