Vumbi la Nani?

Siku ya kwanza ya kuchonga kuta za nyumba ya mama kule Masuguru, saidia fundi alitoka chumbani akiwa mweupe mpaka kwenye kope. Tulicheka. Yeye alicheka kuliko sote, akaomba nimpige picha. Kisha akakohoa, akatema mate ya kijivu chini ya mwembe, akarudi ndani kuendelea na grenda.

Nilikuwa likizo, nusu ya shahada ya uzamili ikiwa nyuma yangu, na akiba yangu yote ilikuwa imeingia kwenye nyumba hiyo: umeme, vigae, na dari kama hela ingetosha. Nyumba ni ya tofali za saruji. Ili mabomba ya nyaya yapite ndani ya ukuta, lazima ukuta uchongwe mifereji. Grenda hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, lakini hutimua wingu ambalo hata ukifungua madirisha yote halitoki upesi.

Jioni nilimwambia fundi kwamba nataka kununua mashine ya kufyonza vumbi.

"Ya nini, dada?" akauliza. "Vumbi sisi tumeshazoea. Hiyo hela weka kwenye dari."

Wiki hiyo nilikuwa na safari ya Dar es Salaam, nikaingia dukani. Muuzaji aliniuliza swali moja tu: "Ya nyumbani au ya kazi?" Nilidhani ni swali la bei. Baada ya kusoma kwa siku mbili nikatambua kwamba lilikuwa swali la maadili.

Mashine ya nyumbani imetengenezwa kwa ajili ya sakafu. Hunyonya makombo, nywele na mchanga, na ukiangalia chini unaridhika. Lakini mchanga na saruji vina silika, na inapokatwa hutoa chembe ndogo kuliko mikromita 10, wakati unywele wa mtu una upana wa mikromita 70 hivi. Chembe hizo hupenya kwenye chujio la kawaida na kutokea upande wa pili wa mashine, kwenye hewa ya chumba. Sakafu inang'aa, pafu linajaa.

Mashine za kazi hupangwa kwa madaraja: L, M na H. Daraja L linaruhusiwa kupitisha hadi asilimia 1 ya vumbi, M asilimia 0.1, H asilimia 0.005. Kwa vumbi la saruji na tofali, la kuanzia ni M. Hufungwa kwenye grenda yenye kifuniko maalumu, ikanyonya vumbi pale pale linapozaliwa, na hulia hewa inapopungua nguvu. Bei yake ilikuwa karibu sawa na ujira wa saidia fundi wetu kwa miezi minne.

Rafiki yangu mmoja alinikumbusha njia ya bei nafuu: maji. Lowesha ukuta, vumbi halipai. Ni kweli, ingawa maji na grenda ya umeme ni ndugu wasioelewana. Lakini mtu wa Handeni hawezi kusema neno "maji" kwa wepesi. Kwetu maji ni habari ya vizazi. Mradi wa HTM unayatoa Mto Pangani upande wa Korogwe kuyaleta Handeni, na bado wengi wetu tumekua tukihesabu ndoo. Kwa mama, maji ya kulowesha kuta za vyumba vinne yangekuwa safari kadhaa za ndoo kichwani. Yaani ningeokoa kifua cha kijana kwa shingo ya mama yangu, kisha niseme nimepata suluhisho lisilo na gharama.

Hapo ndipo neno la fundi liliponirudia: tumezoea. Kwa muda nililitumia kujifariji. Yeye ni mtu mzima, anaijua kazi yake, amekubali. Mimi ni nani nimfundishe? Lakini kuzoea si kukubali. Mtu hukubali jambo akiwa analijua na akiwa na njia nyingine. Ugonjwa wa mapafu unaoletwa na silika, silikosisi, kwa kawaida huchukua miaka kujitokeza, hauna tiba, na humweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu. Tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka silika ya aina hii kwenye kundi la visababishi vya saratani. Kijana wa miaka ishirini na mbili anayelipwa kwa siku hakuwa na nafasi ya kupima hayo. Alichokipima ni chakula cha jioni.

Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Kilichomwamsha, anasimulia, kilitokea nyumbani kwake. Alimwona mtu anayezibua shimo la choo akifanya kazi kwa haraka isiyo ya kawaida, akamuuliza kwa nini. Yule mtu akamweleza kwamba akikaa humo zaidi, macho yake yanaharibika. Toka hapo Ramazzini akawataka madaktari wamuulize kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Ninachokipenda ni kwamba hakuanza na kiwanda cha mtu mwingine. Alianza na choo chake.

Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, lakini kwenye ujenzi wa nyumba ya mama, mwajiri nilikuwa mimi, binti mwenye begi la vitabu. Vumbi lile halikushuka kutoka mbinguni. Niliagiza mfereji wa nyaya, na vumbi likaja pamoja nao. Ukuta ukiwa wangu, na vumbi lake ni langu, hata likiwa ndani ya kifua cha mwingine.

Nilinunua daraja M na kifuniko cha grenda. Dari haikuwekwa, mama bado anaangalia mabati. Aliponiuliza nilimweleza, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi huyo mtoto na yeye ana mama."

Kazi ilipoisha nikajiuliza mashine ibaki na nani. Kijana alikuwa anaenda kwenye nyumba nyingine Korogwe, na mimi narudi chuoni. Nikamwachia fundi, kwa sharti la kuitumia kila anapochonga. Nilisafiri nikijiona mtu mwema.

Mwezi uliopita nilimpigia simu. Mashine ni nzima, alisema, lakini mfuko wa vumbi ulijaa, na mifuko yake Korogwe haipatikani. Ipo stoo, imefunikwa vizuri.

"Na kuchonga?" nikauliza.

"Tunachonga, dada."

Leo asubuhi nimetuma mifuko kumi kwa basi. Nimehesabu: kwa kasi yao, haitafika Desemba.