Bunduki Hairushi Ndege

Alfajiri kwenye barabara ya Iten, pale Kimumu, vijana hukimbia makundi kwa makundi. Wapo wanaowinda medali, na wapo wanaojiandaa kwa siku ya kusajili makurutu. Hao wa pili, anayetamani jeshi kwa sababu ya bunduki na magwanda tu, asikilize kisa cha Nanyuki.

Jumapili, Agosti 1, 1982, askari wa vyeo vya chini wa Jeshi la Wanahewa walijaribu kumpindua Rais Daniel arap Moi, kinara wao akiwa Hezekiah Ochuka. Redio ya taifa waliiteka. Walichokosa ni mtu wa kudondosha mabomu juu ya Ikulu na makao ya kikosi cha polisi cha GSU. Kambini Nanyuki wakawaelekezea mtutu marubani watatu: Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja na Kapteni John Baraza. Koplo mmoja mwenye silaha akapanda kiti cha nyuma cha ndege ya kivita ya Mutua, aina ya F-5, ahakikishe amri imetimizwa.

Meja hakubishana naye. Inasimuliwa kwamba walipofika juu aliibiringisha ndege, akaipandisha wima, akaishusha ghafla. Rubani hufunzwa kustahimili mkandamizo huo. Koplo hakuwahi kuuonja. Kichwa kikamzunguka asijue kusini wala kaskazini. Mabomu yakaishia msituni Mlima Kenya, nazo ndege zikarudi Nanyuki.

Mapinduzi yakazimwa. Ochuka alitorokea Tanzania, akarudishwa, akashtakiwa katika mahakama ya kijeshi na kunyongwa mwaka 1987. Jeshi la Wanahewa likavunjwa, na lilipoundwa upya likabebeshwa, hadi 1994, jina lenye mwaka ule wa 82.

Mutua alifundishwa kupigana na adui wa nje. Mtihani wake ukaja nchi ikiwa na amani, aliyemtishia akiwa amevaa sare kama yake. Ujuzi ulimpa uwezo wa kukataa. Moyo wa kukataa alikuwa nao mwenyewe. Ujuzi bila moyo huo ungeiteketeza Nairobi.

Basi kijana wa Kimumu, mbio zitakufikisha lango la kambi. Kiti cha mbele kinataka hesabu na fizikia. Na kabla ya kuapa, jua ni amri gani hutaitii hata ukishikiwa bunduki.